Mpima Matuta Aliyeogopa Mvua

Siku yangu ya kwanza kazini nilifika ofisi ya kilimo ya Kitui kabla jua halijachomoza, nimevaa viatu vya kuazima vilivyonibana vidole, nikakuta mlango umefungwa na mlinzi anaota moto. Ilikuwa katikati ya miaka ya sitini. Nilidhani kazi ya serikali huanza alfajiri kama kazi ya shamba. Mlinzi alinicheka mpaka akakohoa, kisha akanisogezea gogo nikae.

Saa mbili na nusu akafika Afisa wa Hifadhi ya Udongo wa Wilaya, mtu mrefu wa maneno machache, aliyekuwa amepokea kiti hicho kutoka kwa Mzungu miezi michache tu iliyopita. Hakuniuliza habari za shule. Alifungua droo, akatoa kitu kidogo kisichozidi kidole kwa urefu, akakiweka kiganjani mwangu.

"Unajua hii?"

"Hapana, bwana."

"Hii ndiyo bosi yako. Mimi ni karani yake tu."

Kitu hicho kilikuwa pima maji, kichupa chenye kimiminiko na kiputo cha hewa ndani yake, kimefungwa kwenye chuma chenye kulabu mbili za kukitundikia. Ninyi vijana leo mnapima mlima kwa simu, basi niwaeleze. Watu wawili hushika fito mbili zilizo sawa kwa urefu, na kamba hufungwa kutoka ufito mmoja hadi mwingine. Pima maji hutundikwa katikati ya ile kamba. Wa kwanza anasimama, wa pili anapanda na kushuka mlimani akitafuta mahali, na mpimaji katikati anaangalia kiputo. Kikitulia kati ya mistari miwili, ardhi ya hapa na ya pale iko sawa. Unapigilia kigingi, mnasonga mbele.

"Lakini kila asubuhi," afisa akaniambia, "kabla hujapima shamba ya mtu, uliza hii kitu mara mbili. Ukishasoma, geuza. Upande wa kushoto iende kulia. Soma tena. Kama imehama, inakudanganya. Umesikia, Kilonzo?"

Nikasema nimesikia. Kusikia ni rahisi.

Kitui nilikaa miaka sita, nikiendesha baiskeli ya serikali kwenye mchanga hadi magoti yakalalamika. Wazee wengi hawakututaka. Enzi za mkoloni walikuwa wamechimbishwa matuta kwa lazima, askari wa chifu amesimama nyuma, na uhuru ulipofika wengine waliyaacha yabomoke kwa makusudi, wakifurahi. Mzee mmoja aliniuliza kama uhuru wetu ulikuwa wa kubadilisha rangi ya mwenye kushika kamba. Nilimjibu kwamba udongo ukienda mtoni haujali rangi ya mtu. Alinipa kibuyu cha uji, lakini matuta hakuchimba.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilihamishiwa vilima vya Mbooni, na huko niliipenda kazi kama mtu anavyompenda mke wa ujana wake. Huko baridi hushika asubuhi, mahindi na maharagwe hukaa mlimani kama yameegemezwa, na mtu akiangusha kiazi hukifuata hadi kwa jirani. Udongo wa huko usipozuiwa unakimbia. Kwa hiyo watu walichimba bila kushikiwa fimbo, tena kwa utaratibu wao wenyewe uitwao mwethya. Majirani, wengi wao wanawake, hulima kwa zamu, leo kwa huyu na kesho kwa yule, jembe kwa jembe na wimbo juu. Tulichimba matuta ya fanya juu, maana yake unachimba mfereji na udongo unaurusha juu ya mteremko, si chini, nao unajijengea ukuta wenyewe kila mvua ikinyesha.

Kiongozi wa mwethya wa upande wetu alikuwa Syombua, mjane aliyenizidi miaka kama kumi na mitano, mweusi tii, sauti yake inasikika kilima cha pili. Yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo, na wimbo ukianza hakuna aliyebaki ameegemea jembe. Mimi nilimwita mwaitu, yaani mama. Yeye aliniita Bwana Shamba hadharani, na tukiwa kanisani aliniita mwanangu.

Sasa nifike kwenye lile jambo, kwa maana nimelizunguka vya kutosha.

Ilikuwa zamu ya Syombua kuchimbiwa. Juu ya shamba lake palihitajika mtaro wa kukinga maji, mfereji mpana unaopokea maji ya kilele na kuyapeleka polepole hadi kwenye bonde la nyasi. Mtaro wa namna hii si bapa. Una mteremko mdogo sana, mdogo kiasi kwamba macho hayauoni, kipimo pekee ndicho huujua. Asubuhi hiyo nilianguka na baiskeli kwenye kona ya mawe. Nilichunika kiwiko, nikacheka, nikajipangusa. Pima maji ilikuwa mfukoni upande ule ule niliouangukia.

Nilifika nimechelewa. Wanawake zaidi ya thelathini walikuwa wamesimama na majembe, jua limeshapanda. Mwethya hauahirishwi. Siku ikipotea, mwenye shamba husubiri mzunguko mzima ndipo zamu imrudie, na mvua za vuli zilikuwa karibu. Nilitundika pima maji, nikasoma. Nikainua mkono niigeuze. Papo hapo wimbo ukaanza, mkubwa, mtamu, na mmoja akanitania, "Bwana Shamba, hiyo kitu unaangalia kama kioo! Umeshapendeza, tupe kazi!" Wote wakacheka. Nami nikacheka nao, nikaushusha mkono, nikaanza kupigilia vigingi.

Sikuigeuza.

Mvua ilikuja mwezi wa kumi na moja, alasiri, nikiwa ofisini. Ilinyesha saa mbili mfululizo. Nilipofika kwa Syombua nilikuta watu wamejaa. Maji yalikuwa yamekwenda upande usiofaa, yakakusanyika juu ya boma lake badala ya kuelekea bondeni, yakavunja ukingo. Matuta yote yalikuwa yamekwenda, mwamba umebaki wazi. Ghala lake la mbegu lilikuwa limebebwa. Syombua alikuwa amejaribu kulishika ghala, akabamizwa na nguzo, na mguu ulikuwa umevunjika juu ya goti. Walimbeba kwa kitanda hadi barabarani. Alipopita karibu nami aliniangalia, akasema tu, "Mwanangu, umelowa. Utashikwa na homa."

Heri angenitukana.

Afisa Kilimo wa Tarafa alikuja kesho yake. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu wa kumaliza mambo.

"Kilonzo, mvua ilizidi. Si ndiyo?"

"Ilikuwa kubwa, bwana."

"Andika hivyo. Mvua ilizidi kipimo. Tumalize."

Nikaandika. Jioni ile kabla giza halijaingia niliitundika pima maji mlangoni pangu, nikasoma, nikaigeuza. Kiputo kilihama. Nilikaa chini hapo mlangoni.

Mguu wa Syombua uliunga vibaya. Kila Jumapili alichechemea kutoka mlango wa kanisa hadi benchi la mbele, mguu na fimbo, mguu na fimbo, nami niliketi nyuma nikihesabu hatua zake. Na hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanza, ingawa sikujua kama ni ugonjwa. Wingu likitanda, moyo ulianza kwenda mbio. Mikono ilitetemeka, jasho likanitoka, pumzi ikawa fupi, kana kwamba mtu amenikalia kifuani. Ukambani, ambako mtoto hufundishwa kushukuru mvua kabla hajajua kusalimu, mimi niliiogopa mvua. Ningemwambia nani? Mvuvi anaweza kuogopa samaki?

Nikaomba uhamisho. Niliomba Kiboko, chini kule kwenye barabara kuu, karibu na kituo cha utafiti wa kilimo. Wenzangu walishangaa, kwa kuwa Kiboko ni joto na vumbi, mvua huko ni mgeni wa mwaka. Msimamizi wangu mpya aliniuliza nimefuata nini. Nikamwambia napenda kazi ya nchi kavu. Ukweli ni kwamba nilifuata mbingu isiyo na wingu.

Lakini hofu haihitaji kibali cha uhamisho. Ilinifuata. Nilianza kuogopa hata kazi yenyewe. Nikiitundika pima maji, ingawa ofisi ilikwisha kuirekebisha, niliigeuza mara mbili, mara tano, mara kumi, na bado sikuamini. Vibarua walinong'ona kwamba nimerogwa. Chakula kikawa majivu mdomoni. Nilikwenda hospitali, daktari akanipa dawa za tumbo na za kunipa usingizi, zikasaidia kidogo, akaniambia, "Mzee, kuna kitu kingine unabeba." Nikamwambia hakuna. Zilipita siku nilizoona heri nisingezaliwa. Naandika hivyo wazi kwa sababu najua yupo asomaye hapa anayejiona peke yake.

Ikaja miaka ya themanini na ukame wake. Ng'ombe walikufa wamesimama. Kanisa letu la mabati lilianza kukutana kila Jumatano mchana kuombea mvua. Watu walilia. Mwombaji mmoja akimaliza, kanisa zima liliitikia "Amina!" hadi mabati yakatetemeka. Mdomo wangu haukufunguka. Nilijaribu. Niliona mtaro, niliona ghala likielea. Tena niseme aibu yote: moyoni niliomba isinyeshe. Watoto wa jirani walikuwa wanakula mizizi, nami niliomba isinyeshe.

Mke wangu Mbithe aliketi kando yangu. Jumatano ya tatu, tukirudi nyumbani, alisimama njiani.

"Baba Mutheu, kwani wewe hutaki mvua?"

Nikaendelea kutembea. Alinifuata, akasema, "Mimi nimeishi na wewe miaka hii yote nikifikiri umenichoka. Kumbe kuna kitu ingine. Kama huwezi kuniambia mimi, ambia mchungaji. Lakini ambia mtu."

Mchungaji wetu alikuwa pia fundi wa baiskeli, kwa maana sadaka ya Kiboko isingelisha hata kuku. Nilimpelekea gurudumu lililotoboka, ambalo nililitoboa mwenyewe kwa mwiba ili nipate sababu ya kwenda. Alitoa tyubu, akaijaza upepo, akaizamisha kwenye karai la maji akitafuta tundu. Bila mpango wowote nikamwambia yote. Kuanguka, wimbo, mkono niliouinua na kuushusha, ripoti, mguu wa Syombua, Amina. Hakuinua kichwa. Vipovu vilipotokea kwenye maji, aliweka kidole pale pale.

"Ndugu Kilonzo, hii jambo umeambia Mungu?"

"Kila asubuhi, kwa miaka minane."

"Na yeye amekusamehe?"

"Imeandikwa hivyo. Lakini sisikii."

"Sasa, Syombua umemwambia?"

Nikamsogezea kitambaa chake.

"Wewe unalipa deni ya mtu mmoja kwa mtu mwingine," alisema akipangusa tyubu. "Mungu hakuvunjika mguu. Si nakuambia huna imani. Hata hizo dawa ya daktari, meza. Lakini mficha maradhi, unajua mwisho yake. Nenda Mbooni. Mimi na Mbithe tutafunga siku hiyo, mpaka jua lizame."

Hakuniwekea mikono kichwani, hakupaza sauti. Aliziba tundu, akakataa malipo. Alinishika bega kwa mkono wenye gundi, akaomba maneno machache ambayo hata mtoto angeyaelewa: Bwana, ndugu yangu anaogopa, tembea naye.

Nilipanda Mbooni kwa miguu kutoka mahali basi liliponishusha, na njia ile niliyoijua jiwe kwa jiwe ilinichosha kama sijawahi kuipita. Nilikuwa na hakika ya mambo mawili: kwamba atanilaani, na kwamba habari zitafika ofisini nifukuzwe kazi. Nikageuka nyuma mara mbili. Mara zote mbili nilimkumbuka Mbithe nyumbani na njaa yake, nikaendelea.

Syombua alikuwa ameketi nje akipepeta mbaazi chache. Alikuwa amezeeka. Sikungoja chai. Nilipiga magoti, mtu mzima mwenye mvi, nikamwambia.

Alipeta ule ungo mara mbili tatu bila kunitazama. Kisha akauweka chini.

"Nilikuona," akasema.

"Uliniona nini, mwaitu?"

"Nilikuona umeinua mkono. Mimi si najua hiyo kazi yako? Nimekuangalia ukifanya mashamba mingapi? Nilijua unataka kugeuza. Na mimi nilikuwa naogopa zamu yangu ipotee. Ndio nikaanzisha wimbo." Alifuta macho kwa ncha ya leso. "Miaka hii yote nasema, Syombua, mguu ulijivunja mwenyewe kwa mdomo yako. Nikaona umehama, nikasema, huyu kijana ameenda kwa sababu yangu, na siwezi kumfuata na hii fimbo."

Tulilia, wazee wawili, mbele ya ungo wa mbaazi. Sijui nani alimsamehe nani kwanza. Najua kwamba kifua changu kilifunguka, pumzi ikaingia hadi chini, kwa mara ya kwanza tangu alasiri ile ya mvua. Tuliomba, yeye kwa Kikamba na mimi kwa lugha yoyote iliyokuja.

Baadaye nilipoaga, alinizuia. "Unaenda wapi? Mtaro ofisi ilirekebisha, lakini matuta yangu hakuna. Kila afisa akija, nasema nangoja mwenyewe. Leo usiku nitawaita, kesho mwethya iko kwangu."

"Mwaitu, mikono yangu inatetemeka."

"Wacha itetemeke. Ina kazi."

Kesho yake walikuja, wengine wale wale, wengine binti zao. Syombua alikuwa amewaambia kila kitu usiku ule, kosa lake na langu, bila kupunguza. Nilitundika pima maji niliyokuja nayo mfukoni. Kiputo kilicheza kwa sababu kamba ilicheza kwa sababu mimi nilicheza. Hakuna aliyeimba. Hakuna aliyetania. Wanawake arobaini walisimama kimya mlimani wakinisubiri, na mwethya, kama nilivyokwisha kuwaeleza ninyi, hausubiri mtu. Nikasoma. Kisha Syombua akapaza ile sauti yake:

"Geuza!"

Na wote wakaitikia, "Geuza!"

Nikageuza. Kiputo hakikuhama. Ndipo wimbo ukaanza. Tulifanya hivyo kila asubuhi kwa siku tatu, na nimesikia kwamba kikundi kile kiliendelea na desturi hiyo kwa kila afisa aliyekuja baada yangu. Vijana wa chuo walifika na vyeti vyao wakakuta wanapigiwa kelele na ajuza, wakadhani ni mila ya mababu.

Siku ya mwisho, desturi ni mwenye kamba afunge kwa maombi. Walikaa kwenye kingo mpya za udongo, wakajifunga vitambaa vichwani. Niliomba mvua. Nilisema neno lenyewe, mvua, kwa sauti, na mtetemeko ulipokuja sikukimbia, niliomba nao ukiwa ndani yangu.

Mvua haikunyesha siku hiyo. Naona wanaosimulia ushuhuda hupenda inyeshe siku hiyo. Ilikuja miezi mingi baadaye, Kiboko, saa saba mchana, nikiwa kwenye baraza. Moyo ulikwenda mbio kama kawaida. Mbithe alitoka jikoni, akaketi karibu yangu, akaushika mkono wangu mpaka ikaisha. Sasa alijua anachokishika.

Nilirudi Mbooni kumalizia utumishi wangu, nikastaafu katika miaka ya tisini. Ofisi iliniaga kwa soda na hotuba, na afisa wa wilaya, kijana niliyemfundisha kupigilia vigingi, akanipa pima maji ile ile ya kwangu, imefungwa kwa karatasi ya zawadi. Huniuliza vijana kanisani, imani iliniondolea hofu? Huwaambia haikuondoka kama jino linavyong'olewa. Hadi leo wingu zito hunisimamisha nywele. Kilichoondoka ni kule kuwa peke yangu nayo. Mungu wangu alinijia na mkono wenye gundi ya baiskeli, na sauti ya mwanamke mwenye fimbo.

Syombua alifariki mwaka uliofuata kustaafu kwangu. Aliacha agizo azikwe kwenye tuta la juu, na kwamba mfereji mdogo wa kukinga maji juu ya kaburi lake apime Kilonzo, si mwingine. Watu walijaa hadi kwenye migomba ya jirani. Wingu lilikuwa limetanda tangu asubuhi. Wajukuu wake wawili walishika fito, nami nikatundika pima maji kati yao, mikono ikitetemeka mbele ya kila mtu. Nikasoma. Kiputo kilikuwa katikati.

Palikuwa kimya. Nikatambua kwamba nilikuwa nasubiri sauti yake.

Kisha kutoka kwenye benchi la wanawake wa mwethya, ambao wengi sasa hawakuweza kuinua jembe, mmoja akasema kwa upole, "Geuza, mwanangu."

Nikageuza. Ilikuwa kweli. Nilipigilia kigingi cha kwanza, na tone likaniangukia shingoni, kisha lingine. Mchungaji alikuwa bado anafungua kitabu chake.

"Amina," nikasema, kabla mtu yeyote hajaomba.